Namba Saba Ambazo Sikuziona



Kuna swali limenisumbua tangu muhula uliopita, na nimeona nilitoe hapa kabla sijalizoea. Je, mtu anaweza kusema uongo kwa kusema jambo la kweli? Sizungumzii mafumbo wala ujanja wa maneno. Nazungumzia namba saba nilizoandika daftarini usiku mmoja hapa Mbarara. Kwa kadiri ninavyojua, zote saba ni sahihi, na bado sina raha nazo.

Tulipewa zoezi la watu wawili wawili: kuchora, kuunganisha na kujaribu bodi ya umeme ya setilaiti ndogo ya kuchunguza nyota. Setilaiti yenyewe haipo, ni ya darasani tu. Lakini umbo lake tulilichukua kwa kitu kilichokuwepo kweli, PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda. Wahandisi watatu Waganda waliijenga wakiwa masomoni Japani, katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu. Ilirushwa kutoka Virginia, Marekani, tarehe 7 Novemba 2022, na tarehe 2 Desemba mwaka huo ikaachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande, yaani ungeweza kuubeba kwa mkono mmoja kama kopo la unga wa maziwa. Ile ilikuwa na kamera ya kutazama ardhi. Yetu tuliipa kihisi cha kuhesabu mwanga wa nyota.

Mtu aliyekulia Nakivale haoni ugeni mkubwa katika bodi kama hiyo. Inapokea umeme wa sola, inajaza betri, kisha inagawa: volti 3.3 kwa kompyuta, volti 5 kwa redio, na volti nyingi zaidi kwa kihisi. Nyumba nyingi za kwetu huko Isingiro zinaishi kwa mtindo huo huo, sola juu ya bati, betri chini ya kitanda, taa mbili na simu ya jirani inachajiwa. Mimi mwenyewe daftari na kalamu za sekondari nilizinunua kwa kutengeneza taa na redio pale Base Camp, kati ya duka la Msomali na kibanda cha Mrundi anayeuza mandazi. Kwa hiyo mwalimu alipochora mchoro ubaoni nilijiona nyumbani.

Tofauti nilikuja kuielewa polepole. Base Camp, ukilehemu vibaya, kesho asubuhi mwenye taa yuko mlangoni na anakutukana kwa lugha nne. Unafungua, unalehemu tena, unarudisha. Juu kule hakuna wa kukurudishia kitu. Hakuna hewa ya kupoza, kwa hiyo kipande kinachopata moto lazima joto lake lipite kwenye shaba ya bodi mpaka kwenye ganda, kisha liondoke kama mionzi. Setilaiti inazunguka dunia kwa dakika 90 hivi, inaingia juani na kutoka karibu mara 16 kwa siku, na kila mara viungo vya lehemu vinatanuka na kusinyaa. Na chembe kutoka angani zinaweza kupenya ndani ya chipu zikageuza sifuri kuwa moja, au zikaifanya ivute umeme mwingi mpaka iungue. Dawa yake ni saketi inayohisi umeme umezidi, inaukata kwa kitambo, kisha inaurudisha. Unaweka fundi ndani ya boksi kwa sababu fundi mwenyewe hatafika. Sehemu hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na samahani kama nimeirefusha.

Basi, usiku wa jaribio la joto. Hatuna mtambo wa kuondoa hewa, tukatengeneza sanduku la bati lenye balbu mbili ndani, joto lishikilie nyuzi 60. Kazi ilikuwa kuikalisha bodi humo saa kumi na mbili, kutoka saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi, na kila nusu saa kusoma mita na kuandika volti kwenye njia ya 3.3. Vipimo 25. Mwenzangu alikaa usiku uliotangulia kumaliza kulehemu, kwa hiyo zamu ilikuwa yangu, chumbani kwangu Kihumuro.

Saa nane niliandika 3.29. Kilichofuata ni adhana ya alfajiri. Nilikuwa nimelala juu ya daftari. Nikaangalia mita: 3.28. Balbu zinawaka, joto liko palepale, betri ziko sawa. Kati ya saa nane na adhana kulikuwa na mistari saba mitupu.

Sikufikiri sana. Kabla ya kwenda kutawadha nilijaza: 3.29 mara nne, 3.28 mara tatu. Nikaswali. Na katika swala ile sikujua nimesoma sura gani katika rakaa ya pili.

Usiku uliofuata nilimwambia mwenzangu kwamba naona tulirudie jaribio lote. Nilisema nina wasiwasi na mita, jambo ambalo nalo halikuwa kweli. Tulirudia, tukipokezana macho. Natamani ningekuambia kwamba saa tisa na nusu tuliona volti zimeshuka ghafla, tukagundua kiungo kibovu, tukamshukuru Mwenyezi Mungu. Hakikutokea kitu. Ilikuwa 3.29 mpaka karibu saa kumi, kisha 3.28. Namba nilizobuni na namba tulizoziona zilikuwa zile zile, moja baada ya nyingine.

Hapo ndipo swali lilipoanza. Kama bodi ingekutwa na kasoro, dhambi yangu ingekuwa na sura inayojulikana: nimeficha ubovu. Lakini sikuficha ubovu wowote. Niliandika kitu kilicho kweli. Nimekosea nini?

Nilipomweleza mwenzangu mambo yalivyokuwa, na kwamba nataka kupiga mstari zile namba saba na kuandika pembeni kuwa nililala, alikasirika kuliko nilivyotarajia. Alisema: unachotaka kufuta ni ukweli. Umeuhakikisha mwenyewe. Ukipiga mstari, mwalimu atadhani bodi yetu ina tatizo, na hilo litakuwa uongo zaidi ya huu wako. Kisha akaongeza neno ambalo nitalirudia baadaye, kwa sababu sijalijibu mpaka leo.

Nikaanza kusoma, kama wanavyofanya watu wasiotaka kuamua. Wanaosoma balagha wanaijua mada hii, kwani iko mwanzoni mwa Talkhis al-Miftah ya al-Qazwini, aliyefariki mwaka 739 Hijria. Swali la wanazuoni wale lilikuwa: habari ya kweli ni ipi, na ya uongo ni ipi? Na mfano waliougombania ni mwanzo wa sura ya Al-Munafiqun. Wanafiki wanamjia Mtume (s.a.w.) wakishuhudia kwamba yeye ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Maneno yao ni sahihi asilimia mia. Aya inasema wazi kwamba Mwenyezi Mungu anajua kuwa yeye ni Mtume Wake, na papo hapo inashuhudia kwamba wasemaji wale ni waongo.

An-Nadhdham wa Basra alichukua aya hii akasema: basi ukweli ni neno kulingana na itikadi ya msemaji, si kulingana na hali ilivyo. Mwanafunzi wake al-Jahiz akataka yote mawili, neno lilingane na hali na lilingane na itikadi, na kati ya ukweli na uongo akaacha nafasi ya maneno ambayo si hiki wala si kile. Jamhuri ya wanazuoni hawakukubali. Walisema ukweli ni kulingana na hali ilivyo, basi. Na wanafiki je? Waliongopa katika neno "tunashuhudia". Habari waliyoileta ni kweli. Uongo uko katika kudai kwamba wanaitoa kama mashahidi, kwa ulimi unaoafikiana na moyo.

Nilikaa na daftari langu nikajipima kwa mizani zote tatu. Kwa an-Nadhdham mimi ni mkweli, kwa sababu nilipoandika 3.29 niliamini kweli kwamba ilikuwa 3.29. Kwa jamhuri mimi ni mkweli, kwa sababu kwa kila dalili ndivyo ilivyokuwa. Kwa al-Jahiz pia, kwa sababu yote mawili yamelingana. Shule tatu na zote zinaniachia huru!

Mpaka nilipotazama ukurasa wenyewe. Una safu mbili. Ya kulia ni volti. Ya kushoto ni saa, na juu yake imeandikwa: "Saa ya kusoma". Kumbe wakati wote nilikuwa naitetea safu ya kulia. Namba 3.29 haina kosa. Kosa liko kwenye "saa tisa kamili", kwa sababu saa tisa kamili hakuna aliyesoma kitu. Safu ile ndiyo "tunashuhudia" yangu.

Mtu anaweza kusema huu ni uchambuzi wa kupita kiasi kwa ajili ya zoezi la darasani. Huenda. Lakini tazama setilaiti inavyoishi. Siku ikiondoka mikononi mwa waliyoijenga, kila kitu kinachojulikana juu yake ni ushahidi. Kuna ushahidi wa kabla, yaani makaratasi ya waliyoyaona wakati bodi bado iko mezani, na kuna ushahidi wa baada, yaani namba chache inazoteremsha kwa redio. Hakuna kingine. Hakuna atakayepanda na bisibisi.

Afrika Mashariki tuna sehemu katika historia hii kuliko tunavyokumbuka. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, mitambo ya Waitaliano iliyosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya unajimu wa eksirei peke yake. Katika makaratasi ya Wamarekani ilikuwa ya kwanza katika mfululizo wa "setilaiti ndogo za unajimu". Msimamizi wa mradi, Bi Marjorie Townsend, mhandisi wa umeme, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Eksirei za nyota hazipenyi hewa ya dunia, kwa hiyo bila kwenda juu huzioni. Katalogi ya mwisho ya Uhuru ilikuwa na vyanzo 339, na vipimo vyake vilisaidia kukifanya chanzo cha Cygnus X-1 kuwa mahali pa kwanza watu walipoanza kuamini kwamba wamepata shimo jeusi.

Ninachotaka uone ni namna ilivyokuwa ikihesabu. Ndani yake kulikuwa na vihesabio vya gesi: eksirei ikiingia, gesi inatoa mshtuko mdogo wa umeme, na saketi inaandika moja. Lakini chembe za angani zinaingia pia, na zinatoa mshtuko unaofanana. Kwa hiyo wabunifu waliweka saketi za kuhoji kila mshtuko. Umbo lake ni la eksirei au la chembe? Na kihesabio cha ulinzi cha pembeni, nacho kimelia wakati huo huo? Kama kimelia, basi kilichopita ni chembe iliyotoboa vyote viwili, na ushahidi unakataliwa. Kwa lugha ya fikihi, vifaa vile vya 1970 vilikuwa na kadhi ndani yake. Watu walihangaika miaka kuhakikisha kwamba mashine haisemi "nimeona" ila pale ilipoona.

Ndugu yake, SAS-2, aliondoka kwenye jukwaa lile lile tarehe 15 Novemba 1972 kutazama miale ya gama. Aliziona palsa za Vela na Crab, na akaona chanzo kingine kilichowachanganya watu miaka mingi mpaka Waitaliano wakakiita Geminga, ambalo katika lahaja ya Milano linasikika kama kusema "haipo". Tarehe 8 Juni 1973 kazi ikakoma. Kilichoharibika hakikuwa kioo wala kihisi. Ni kitengo cha umeme wa volti ndogo. Kazi ile ile tuliyopewa sisi darasani! Nilipolisoma hilo nilifunga laptopu nikatoka nje.

Sisemi kwamba kuna mtu aliyelala juu ya daftari mwaka 1972. Vitu huharibika hata katika mikono ya waaminifu. Nasema tu hivi: kitengo kama hicho kikifa angani, walioko chini hurudi kwenye makaratasi. Wanatafuta ni saa zipi kilitazamwa na saa zipi hakikutazamwa. Kila fundi wa Base Camp anajua lehemu iliyopasuka kwa unywele: ikipata moto inaachia, ikipoa inashika tena, na ukiipima kabla na baada unaikuta nzima. Ukurasa wangu ungekuwa na mistari saba mitupu, mistari hiyo ingemwambia mtafutaji, "hapa hakuna aliyekuwepo, anza hapa". Namba zangu saba zilimwambia, "hapa pametazamwa, pita". Madhara yake si kumpa namba mbaya. Ni kumfutia swali, na mwenye kufutiwa swali hana njia ya kujua kwamba lilikuwepo.

Wala sisemi kukisia ni haramu. Uhandisi bila makisio haupo, na setilaiti zenyewe hukisia. Hitomi ya Wajapani, ya eksirei pia, iliyorushwa Februari 2016, ilipotea tarehe 26 Machi mwaka huo huo katika mkasa uliohusu makisio. Ilikuwa ikijua mwelekeo wake kwa kutazama nyota na kwa vifaa vya kupima mzunguko. Taarifa za nyota ziliposhindwa kuingia katika hesabu, iliendelea na kisio la mzunguko wake, na kisio hilo lilisema inazunguka wakati imetulia. Ikajitahidi kuzuia mzunguko usiokuwepo, na kwa kujitahidi ikaanza kuzunguka kweli. Baadaye amri yenye vipimo visivyo sahihi ikauzidisha mzunguko, mpaka sehemu zake zikakatika. Kisio lilipewa kiti cha jicho. Ndiyo maana hesabu nzuri za aina hiyo hazitoi kisio peke yake. Hulitoa pamoja na kiasi cha shaka yake, ili macho yakirudi lipishe.

Wanazuoni wetu wa hadithi walilijua hili kabla ya redio. Mpokezi aliyesema "kutoka kwa fulani" kwa namna ya kukudhanisha kwamba alimsikia mwenyewe, na hakumsikia, walimwita mudallis, hata kama hadithi yenyewe ni sahihi kwa njia nyingine. Walitofautisha "nilisikia" na "kutoka kwa", kama safu mbili za daftari langu.

Na sote tunalijua kila mwisho wa Shaaban. Simu mfukoni inakuambia mwezi upo umbali gani juu ya upeo wa macho na utazama saa ngapi. Hesabu hiyo ni nzuri, wala hapa siingii katika mjadala wa hesabu na kuandama. Lakini hata anayefuata hesabu hatakubali mtu apande kilima, aone mawingu matupu, kisha aje aape kwamba ameuona, eti kwa sababu upo. Mwezi upo kweli. Shahidi ni wa uongo.

Sasa niende nyumbani, kwa sababu nadhani hasira za mwenzangu zilinikumbusha hasira zangu mwenyewe.

Tulivuka Bunagana mwaka 2012, mama na watoto wanne, tukapita Nyakabande, tukaletwa Nakivale. Baba hakuwa nasi. Watu wa kambini wanajua kinachofuata: mahojiano. Ofisi moja, ambayo haina haja ya kutajwa, ilimwuliza mama baba alichukuliwa tarehe gani. Mama hakujua tarehe. Alijua ilikuwa wakati wa kuvuna maharage, siku ya soko, na kwamba mvua ilikuwa imenyesha usiku. Jirani yetu, mama mwema aliyetupa sufuria yetu ya kwanza, alimwambia nje: dada, sema tarehe kumi na nne, wale wanapenda tarehe. Jambo lenyewe si ni kweli? Mama akasema: "Jambo nililiona. Tarehe sikuiona."

Faili lilirudishwa kwa mahojiano mengine, halafu mengine. Zaidi ya miaka miwili. Walioingia nyuma yetu na tarehe zao zilizonyooka walitutangulia. Nilikuwa mtoto, nilimchukia mama kwa ajili ya hiyo tarehe. Nilijisemea, ni namba tu.

Sitaki kumfanya mama kuwa walii, wala sitamhukumu jirani. Mtu anayeulizwa tarehe na mtu mwenye kalamu, huku watoto wana njaa, yuko katika dhiki, na sheria yetu ina mlango mpana wa dharura ambao mimi si wa kuufunga. Mpaka leo sijui kama mama alifanya vizuri kwa ajili yetu wanne. Ninachojua ni kwamba mimi, chumbani Kihumuro, tumbo limeshiba na hakuna anayenitisha, nilifanya kwa urahisi kile ambacho yeye alikataa kukifanya katika shida. Na kilichonifanya nijaze hakikuwa hofu. Ni kwamba mistari mitupu ilionekana mibaya machoni. Nilitaka ukurasa upendeze.

Mwenzangu alisema nini, basi? Alisema: "Wewe ndiye uliyelala, lakini alama zitakatwa zetu wawili. Uaminifu wako unaulipia kwa mfuko wangu." Yeye anasoma kwa ufadhili unaotazama alama kila muhula. Mimi pia, ila yeye alikuwa karibu zaidi na mstari. Nilimwambia nitamwomba mwalimu anikate mimi peke yangu. Nilimwomba. Mwalimu alisema kazi ni ya wawili na alama ni za wawili, na kwamba jaribio la pili tumelileta baada ya siku ya mwisho. Tukakatwa. Ufadhili wake haukupotea, alhamdulillahi, lakini mimi sikulijua hilo nilipopiga mstari. Niliiweka amana yangu sawa kwa kuhatarisha riziki ya mtu ambaye usiku ule alikuwa amelala kwa haki yake. Wapo watakaosema toba ya kweli ingekuwa niende kwa mwalimu kabla ya kumwambia yeyote, au nimwombe mwenzangu ruhusa kwanza. Nimeyafikiria yote mawili na kila moja lina tundu lake. Mwenye jibu aniandikie.

Kilichonishangaza ni mama. Nilipokwenda Nakivale wiki za mapumziko, nilimsimulia yote tukiwa tunapepeta maharage. Aliuliza swali moja: "Na hiyo setilaiti itaruka lini?"

Nikamwambia haitaruka, ni ya darasani.

Akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Kwa hiyo mmekatwa alama kwa ajili ya kitu ambacho hakipo?" Akapepeta kidogo, kisha akauliza kama yule kijana mwenzangu anakula vizuri huko mjini, akanifungia kilo mbili za maharage nimpelekee.

Niliyapeleka. Aliyapokea bila maneno mengi. Wiki hii tunaanza jaribio la baridi, ndani ya friji ya muuza soda mmoja aliyekubali kutuachia usiku. Jana mwenzangu alileta ukurasa mpya aliouchora mwenyewe kwa rula. Una safu ya saa, safu ya volti, na ya tatu nyembamba pembeni, ambayo juu yake ameandika: "Nani ameona". Akaniambia nisijione, ameiweka kwa sababu hanIamini usiku. Zamu yangu ni kuanzia saa nane.